Biira Mmoja, Madaftari Matatu

Katika kijiji cha wavuvi cha Kahendero, kando ya Ziwa George wilayani Kasese, jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu. Wakonzo humwita mtoto kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Akina Biira ni wengi mno, na makarani nao huandika wapendavyo: huyu Biira, yule Bira. Majirani wanajua kuwa ni mama yule yule. Ofisini huwa ni watu wawili.

Uganda ilianza kuandikisha raia kwa vitambulisho vya taifa mwaka 2014. Sheria ya 2015 ikaunda NIRA, mamlaka yenye daftari la raia, vizazi na vifo. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na miaka ya baadhi yao ilikisiwa tu. Kosa hilo halikubaki NIRA. Posho ya wazee iitwayo SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, husimamiwa na Wizara ya Jinsia, nayo wizara ilitegemea umri ulioandikwa NIRA. Mpango ulipoenezwa nchi nzima kuanzia mwaka wa fedha 2020/21, wilaya mpya zilitakiwa kulipa wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Utafiti uliotolewa Juni 2021 na mashirika ya haki za binadamu uliwakuta wazee waliokosa posho kwa sababu ya tarehe zisizo zao. Bibi aliyezaliwa 1940 akaandikwa 1950 huongezewa miaka kumi ya kungoja, kama atajaliwa kuifikia.

Afisa wa posho hana mamlaka ya kugusa daftari la NIRA. Afisa wa usajili naye hubadili tarehe kwa ushahidi tu. Kati ya meza hizo mbili anayetembea ni bibi, kwa nauli yake mwenyewe.

Wapo wasemao madaftari yote yaunganishwe, yaishe. Yakiunganishwa kabla ya kusahihishwa, kosa moja litamfungia bibi milango yote kwa siku moja. Tena si kila habari ipelekwe kila mahali. Sheria ya Kulinda Taarifa na Faragha ya 2019 inataka habari za mtu zitumike kwa kazi zilizochukuliwa. Dawa anazopewa mvuvi zahanatini hazimhusu anayeandikisha mitumbwi.

Kwa familia ya askari au polisi jambo hili ni la nyumbani hasa. Mke aliyeandikwa Bira kambini na Biira kwenye kitambulisho huenda asipate taabu yoyote mpaka siku ya kudai mafao ya marehemu, ambapo aliyeweza kueleza hayupo tena. Askari arudipo likizo, alinganishe jina hilo herufi kwa herufi, kisha aombe kadi ya ubatizo ya mama yake na kuitazama pamoja na kitambulisho. Miaka ikitofautiana, waende wote wawili ofisi ya usajili Kasese, mama akiwa bado ana nguvu za kupanda boda.