Arubuni Haikufungi Mikono

Kuna neno moja ambalo madalali hulipenda sana, nalo ni "aibu". Ukishapeana mkono na mwenye nyumba, ukishakunywa chai yake mbele ya wazee wawili watatu, dalali atakwambia ni aibu kurudi nyuma. Leo nataka nikusimulie jinsi mimi na mume wangu tulivyoipata aibu hiyo, na kwa nini siijutii hata kidogo.

Mume wangu ni mwalimu. Alipohamishiwa Garissa tulipanga chumba kimoja hadi kingine, na mwanzoni mwa mwaka wa 2025 tukasema basi, tununue. Dalali tuliyeelekezwa na rafiki alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu "hapa hapa Garissa", kwa shilingi milioni mbili na laki nne. Tulipanda tuktuk kwenda kuiona, na tuktuk ikavuka daraja.

Msomaji unayeijua Garissa umeshaelewa. Ukivuka daraja la Mto Tana umeingia Madogo, na Madogo iko katika Kaunti ya Tana River. Si kosa kukaa huko. Wengi hulala Madogo na kufanya kazi mjini. Lakini karatasi za ploti ya Madogo huwezi kuziulizia Garissa, na makao makuu ya kaunti hiyo yako Hola, safari ya mbali kuelekea kusini. Tulipomuuliza dalali alicheka. "Mwalimu, mto ni mmoja na watu ni wamoja."

Nyumba ilipendeza. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya, sakafu imepigwa simiti juzi juzi. Tukatoa arubuni ya shilingi 240,000, yaani asilimia 10, tena tukamkabidhi dalali mwenyewe. Alisema si adabu kumhesabia mzee pesa mbele ya wageni wake. Nasi, watu tuliosoma, tukakubali!

Aliyetuzindua ni mama mmoja muuza maziwa ya ngamia. Aliniona nikipima madirisha kwa ajili ya mapazia. "Dada, wamekuonyesha maji yalipofika?" Alinishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba, mahali ambapo chokaa haikufika. Mstari wa tope ulikuwa umenyooka ukutani, chini kidogo ya dirisha.

Hapo ndipo nilipokumbuka yale ambayo wewe pia uliyaona kwenye habari. Mwezi wa Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, mto ulifurika hata barabara ya Nairobi ikakatika pale Madogo. Ukafurika tena Aprili 2024. Upande wa mjini nako, watu wa Bula Punda na Ziwani walihama na magodoro kichwani. Na usidhani maji hayo hungoja mvua ya Garissa. Hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakishajaa, ziada yote huteremka kwetu. Jua linaweza kuwa kali utosini huku mto ukikuingilia sebuleni. Sisi tulikuwa tumekwenda kuona nyumba mwezi wa Februari, wakati mavumbi yanatimka. Nani angefikiria maji?

Tukaanza sasa kuuliza yale tuliyopaswa kuuliza mwanzo. Hatimiliki iko wapi? Haikuwapo. Kulikuwa na barua ya kugawiwa ploti, ya enzi za mabaraza ya zamani, kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013. Barua kama hizo zimejaa pande zetu, na watu huuziana kama mikate. Lakini mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba barua ya kugawiwa si hatimiliki, na haimpi mtu ardhi kama hakutimiza masharti yaliyoandikwa humo. Mke wa mzee naye, ambaye kisheria anapaswa kukubali nyumba ya familia iuzwe, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mume wangu aliogopa. Alidhani tumeshafungwa. Wakili tuliyemwendea alituuliza swali moja tu: mmetia sahihi mkataba? Hatukuwa tumetia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka uuzaji wa ardhi uandikwe, pande zote zitie sahihi, na sahihi hizo zishuhudiwe. Chai na kupeana mkono havitoshi. Ingekuwa tumetia sahihi, habari ingekuwa nyingine: mikataba mingi hufuata masharti ya Chama cha Mawakili, na mnunuzi anayejitoa bila sababu hupewa ilani ya siku 21, kisha anaweza kuipoteza arubuni yake. Kwa hiyo ukisikia moyo unasita, sita kabla ya kalamu.

Tuliandika barua mbili. Ya kwanza kwa mzee, kwa heshima, tukimweleza kuhusu maji na karatasi, na kumwomba arubuni. Ya pili kwa dalali, mistari minne tu: kuanzia leo huna ruhusa ya kusema wala kupokea chochote kwa niaba yetu. Nakala tukampa mzee. Nakala hiyo, msomaji, usiisahau, maana dalali uliyemfuta kwa mdomo tu ataendelea kuahidi kwa jina lako. Alikuja juu, akadai ada yake. Tukamwomba atuonyeshe cheti cha Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba, kwa kuwa Sheria ya Mawakala, Sura ya 533, hairuhusu mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa. Akasema amekiacha nyumbani.

Tulikaa na mzee na wazee wenzake alasiri nzima. Sikutegemea upole ule. Alisema katika dini kumwachilia mnunuzi aliyejuta kuna thawabu, kisha akamtuma kijana alete pesa. Zilikuwa 200,000.

"Mzee, tulitoa 240," mume wangu akasema.

Mzee alimtazama muda mrefu. "Mwanangu, mimi nililetewa mbili."

Zile 40,000 hatujaziona hadi leo. Ilikuwa karo ya muhula mmoja wa kifungua mimba wetu, na tuliilipa kwa kukopa. Dalali alinipigia mwezi uliopita kwa namba mpya. Anayo nyumba nyingine, anasema, mahali palipoinuka, na safari hii mwenye nyumba ana haraka sana.