MAMBO YA NYUMBANI: Bidoni Tatu Chini ya Kitanda



Juma hili twajibu swali la baba mmoja wa Songo, hapa Uvira. Baba huyu ana pikipiki moja, nayo ndiyo imlishayo yeye, mkewe na watoto wao. Asema ya kwamba petroli, ambayo wengi wetu twaiita esanse, hupanda bei pasipo kupiga hodi. Kwa hiyo siku bei iliposhuka alinunua bidoni tatu za lita 20, akazijaza, akaziweka chumbani chini ya kitanda, maana nje zitaibiwa. Mkewe hataki. Amemwambia, “Baba watoto, ama bidoni zitoke, ama mimi na watoto tutoke.” Sasa waomba tuwaamulie.

Kwanza tumpe baba sifa yake. Mtu anayetazama kesho hakosi akili. Petroli yetu hutoka mbali, na njia yake ikizibwa mahali pamoja tu, sote twaumia. Kumbukeni miaka ya 2023 na 2024, petroli ilipoadimika kule Burundi: watu wa Bujumbura walivuka mpaka wa Kavimvira wakija kwetu kutafuta lita chache. Aliyeona hayo hawezi kucheka mtu mwenye akiba.

Lakini natufanye hesabu pamoja. Tuseme bei imepanda kwa sehemu moja katika kumi. Mwenye lita 60 amepata faida ya thamani ya lita 6, wala si zaidi. Tena bei ikishuka, hasara ni yake. Toa humo matone yamwagikayo kila amiminapo, na mvuke utokao penye kifuniko kisichokaza. Yabaki labda lita 5. Hiyo ndiyo bei ambayo baba huyu, bila kujua, amekiwekea chumba wanamolala watoto wake.

Sasa tueleze kwa nini mama anaogopa, tena kwa haki. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka yakifikia joto la digrii 38 hivi, na mazuti yakipita digrii 50. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Maana yake, hapa kwetu hakuna saa, mchana wala usiku, ambapo petroli iliyo wazi haiko tayari kuwaka. Sehemu moja na nusu hivi ya mvuke katika sehemu 100 za hewa yatosha.

Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, bali hutambaa sakafuni kama maji, ukapita chini ya mlango mpaka ukutane na mbabula jikoni. Ndiyo sababu mtu huweza kusema, “Moto ulikuwa mbali,” na bado nyumba ikateketea. Moto haukuifuata petroli. Petroli ndiyo iliyoufuata moto.

Sisi wa pwani hii ya ziwa hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, gari kubwa la mafuta lilipinduka pale Sange, katika njia ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Petroli ilimwagika, na watu wakaja kuteka. Wengine walikuwa wamekusanyika karibu hapo wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, watu zaidi ya 230 walikufa, wakiwamo watoto na wanawake, na majeruhi wakapelekwa Uvira na Bukavu. Mwaka 2019, tarehe 10 Agosti, msiba wa namna hiyo hiyo ulitokea Morogoro nchini Tanzania, ukaua watu zaidi ya 100. Wale waliokwenda kuteka hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walikuwa maskini walioona kitu cha thamani kikimwagika bure.

Basi baba wa Songo afanyeje? Twampa mashauri haya.

La kwanza: ghala bora ya petroli ni tangi la pikipiki yenyewe. Siku bei ikiwa nzuri, alijaze. Na pikipiki ikilala ndani ya nyumba, kama ilivyo desturi ya wengi, afunge bomba la mafuta ikiwa inalo, na mbabula wala taa ya moto visiingie chumba hicho. Akiweza kuilaza nje penye ulinzi, ni heri zaidi.

La pili: akiba ya nje ya tangi isizidi bidoni moja. Ikae katika kibanda kidogo chenye kufuli, mbali na jiko na mahali pa kulala, penye kivuli, na matundu ya hewa chini na juu. Bidoni iwe imara, iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli. Ile ya njano iliyoleta mafuta ya kupikia haifai, wala chupa ya maji au ya soda, maana mtoto mwenye kiu hasomi alama.

La tatu: asiijaze bidoni mpaka mdomoni. Petroli hutanuka kwa joto: lita 20 zikipashwa digrii 10 zaidi huongezeka kadiri ya gilasi moja ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo, anunuaye petroli iliyoshinda juani kando ya njia hulipia joto. Afadhali anunue asubuhi. Wala asiiweke miezi mingi. Petroli huzeeka, nayo iliyozeeka huusumbua mtambo. Ya zamani itumike kwanza.

La nne: kumimina kufanyike nje, mchana, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Wakati wa kujaza, bidoni iwe chini ardhini, si juu ya pikipiki, kwa maana cheche ndogo isiyoonekana huweza kuzaliwa katika kumimina. Atumie faneli au pampu ya mkono. Asinyonye mpira kwa kinywa kamwe. Petroli kidogo ikiingia mapafuni huyaunguza, hata kuua. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

La tano: asichanganye petroli na mafuta ya taa ili kupata mafuta ya bei nafuu. Taa ya namna hiyo hulipuka usoni pa mwenye kuiwasha.

Na moto ukitokea? Usiumwagie maji, maana petroli huelea juu ya maji na kuusambaza moto. Tupa mchanga, na watu watoke kwanza. Mwenye nguo zinazowaka asikimbie. Alale chini na kujiviringisha. Kisha aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20. Usimpake mafuta, wala dawa ya meno, wala unga. Mfunike kwa kitambaa safi, umpeleke kwa mganga.

Wengi hupenda kusema, “Ajali haina kinga.” Tuwaombe radhi: ajali hii ina kinga, nayo imeandikwa hapo juu. Afadhali tukumbuke methali nyingine ya wazee: rahisi huvunja upishi.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Baba amesema kweli juu ya akiba. Mama amesema kweli juu ya kitanda. Bidoni mbili ziuzwe leo kwa mwenye mahali salama pa kuziweka, na fedha zake ziingie katika likelemba, mahali ambapo akiba hukua bila kutoa mvuke. Ya tatu itoke chumbani kabla ya jua kuchwa. Naye mama, akiisha kuiona imetoka, na amshukuru mumewe mbele ya watoto, kwa maana kukubali shauri ni kazi ngumu kuliko kubeba bidoni.