Alama za kuzaliwa nazo

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia uliotoka Marekani mwaka 1974, kila mchezaji hujichagulia mhusika. Katika kitabu cha 2014, uzao ndio uliotoa alama: nusu-orki aliongezewa 2 za nguvu, elfi 2 za wepesi. Nusu-orki aliyetaka kuwa msomi alianza nyuma ya wenzake. Kitabu cha 2024 kimeziondoa alama hizo kwenye uzao na kuzipeleka kwenye kazi ya zamani: mkulima, askari, msomi. Wachezaji wanabishana mtandaoni. Wengine wanalalamika kwamba jamii zote sasa zinafanana. Sisi, ambao kwetu kabila humhukumu mtu kabla hajafungua kinywa, tunaliunga mkono badiliko hilo. Ila mizani bado: mkulima haongezewi alama hata moja ya akili. Wakulima wetu wa Masisi wangecheka.