Taabu za Kuandika Insha Njema



Sisi tulio wengi hushika kalamu tangu asubuhi hata jioni, lakini tukiombwa insha ya ukurasa mmoja twatoa udhuru. Sababu yake si uvivu. Barua ya ofisini ina mfano wake katika jalada. Insha haina mfano, sharti mwandishi aamue mwenyewe aseme nini, na aanzie wapi.

Wako watakaosema kwamba insha ni mambo ya shule. Sivyo. Mwanakijiji aliyehamishwa kupisha mgodi huja kwa karani amwandikie malalamiko yake. Ikiwa kurasa tatu zimejaa salamu na sifa, na dai lenyewe limejificha katika mstari wa mwisho, mkubwa huiweka karatasi kando kabla ya kulifikia. Mtu yule amepoteza haki yake kwa kuwa mwandishi wake hakujua kupanga maneno.

Taabu ya kwanza ni kutaka kusema yote. Mtu aandika habari za dhahabu ya Geita: aanza na Mfalme Sulemani, apita Afrika ya Kusini, ataja mgodi wa zamani uliofungwa mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa ulioanza kazi mwaka 2000. Wino wamwishia kabla hajafika kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, achanganyaye zebaki kwa mikono mitupu. Na mchimbaji huyo ndiye aliyekuwa insha yenyewe! Chagua jambo moja, ukalifuate mpaka mwisho.

Taabu ya pili ni maneno makubwa yasiyo na kitu ndani. "Ukataji wa miti ni adui wa taifa" ni neno asilolikataa mtu wala asilolikumbuka mtu. Afadhali uandike hivi: Wasukuma tangu kale walitenga malisho ya kiangazi yaitwayo ngitili, baadaye misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa, ili kuwafukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, tena tangu mwaka 1986 mradi wa HASHI ulihimiza desturi ile ile ya wazee, hata zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani. Hapo msomaji ameshika kitu mkononi. Methali nazo ni chumvi: moja yatosha chungu kizima.

Taabu ya tatu ni lugha. Wengi wetu tulinyonya Kisukuma, na herufi *l* na *r* hutuchezea. Karani aandikaye "mahari pa mkutano" amewaita watu kwenye posa! Hapana haya katika jambo hili, maana Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, kwa shauri la mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Watu wengi wa bara wamejifunza kama sisi. Dawa ni kamusi mezani, na kusoma kazi yako kwa sauti, kwa kuwa sikio hukamata kosa lililolipita jicho.

Taabu ya nne ni haraka. Insha iliyoandikwa usiku haifai kupelekwa usiku ule ule. Ilaze, uiamkie asubuhi, ukate kila neno ambalo likiondoka halitamaniwi.

Tusiseme kwamba kazi za ofisi hazituachii nafasi. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akatumikia Serikali miaka mingi, na katika miaka hiyo hiyo akatunga mashairi na vitabu. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake *Kielezo cha Insha*. Naye alikuwa na mashauri ya mezani kama sisi.

Basi, twawaomba wanachama, kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya jambo aliloliona kwa macho yake mahali afanyapo kazi: kisima, mnada wa ng'ombe, shimo la dhahabu, foleni ya dirishani. Ampe mwenziwe aisome kwanza, kisha atuletee. Mambo ya nchi yetu yataandikwa kwa vyovyote. Tusipoyaandika sisi tuyajuao, yataandikwa na wapita njia.