Forodha ilifungua mpaka, mkataba wa wakala unaweza kuufunga

RUBAVU – Kiwanda cha bia cha Bralirwa kipo Gisenyi tangu 1957. Heineken ya Uholanzi ilikitwaa 1971, na Serikali ya Rwanda ilipouza hisa zake mwanzoni mwa 2011, Waholanzi walifikisha asilimia 75. Ng'ambo ya mpaka, Primus ya Congo hutengenezwa na Bralima, ambayo nayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Heineken. Mfanyabiashara anayevuka Petite Barrière huingia nchi nyingine, yenye fedha nyingine na sheria nyingine, lakini kwa miaka hiyo mwenye kiwanda alikuwa yuleyule.

Kumiliki viwanda pande zote mbili si kosa. Swali ni nani mwenye jukumu la kuichunga kampuni ya namna hiyo, na wanasiasa wa kanda hii hawajakubaliana.

Upande mmoja unasema kampuni kubwa ziachwe zifanye kazi. Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13, na soko la ukubwa huo haliwezi kulisha viwanda vingi vya aina moja. Kiwanda kikubwa hulipa kodi, huajiri na hununua mazao ya wakulima. Serikali ikianza kukipangia bei, wanasema, mwekezaji atahamia kwingine.

Upande wa pili unajibu kwamba soko la muuzaji mmoja halina bei, lina amri. Wakala akikorofishana na msambazaji pekee, mzigo wake uko hatarini na hana mlango mwingine wa kubisha. Kwa upande huu, dawa ni serikali kuingilia kati, hata kwa kuigawa kampuni.

Kenya imeyapitia haya yote. Bungeni Nairobi kuliwahi kuzuka hoja ya kuitenganisha M-Pesa na Safaricom, na waliopinga walisema ni kuadhibu mafanikio. Serikali yenyewe ilikuwa na asilimia 35 ya hisa za Safaricom, hivyo mwamuzi alikuwa pia na faida yake uwanjani. Kampuni haikugawanywa. Nafuu ya maana kwa mtu wa kawaida ilipatikana kwa njia nyingine: mwaka 2014 mawakala wa M-Pesa waliruhusiwa kuhudumia pia mitandao shindani. Safaricom ilibaki kubwa, ila kibanda cha wakala kikawa chake mwenyewe.

Huo ndio msingi wa sheria nyingi za ushindani: ukubwa si kosa, kosa ni kuutumia kuwafungia wengine njia. Tanzania ina sheria hiyo tangu 2003, Kenya 2010, Rwanda 2012, Congo 2018 na Uganda 2023. Nchini Rwanda mamlaka inayohusika ni RICA.

Lakini kila mamlaka ya taifa hutazama soko lake. Chukua mkataba unaomkataza wakala kuuza nje ya eneo alilopangiwa. Ukisomwa Kigali peke yake, huonekana ni utaratibu wa kawaida wa usambazaji. Ukisomwa mpakani, unazuia bidhaa kuvuka kutoka upande ambako ni nafuu kwenda upande ambako ni ghali. Umoja wa Forodha ulioanza 2005 na Soko la Pamoja la 2010 vililenga kuondoa ushuru na vikwazo vya serikali. Kikwazo kilichoandikwa na kampuni kinaweza kufanya kazi ileile, na hakuna ofisa wa forodha atakayekiona.

Kwa hiyo mamlaka ya kanda ndiyo inayohitajika. Afrika Mashariki ilipitisha sheria yake ya ushindani 2006, lakini utekelezaji umekwenda kwa mwendo wa kobe. Tume ya Ushindani ya COMESA, yenye makao Lilongwe, ilianza kazi 2013. Rwanda na Congo zimo, Tanzania haimo.

Mwenye duka Gisenyi hatasubiri mabunge yamalize ubishi. Kabla ya kusaini uwakala, kuna vifungu viwili vya kusoma kwa makini: kinachomkataza kuuza bidhaa za mshindani, na kinachomwekea mpaka wa eneo. Akivikuta, ana haki ya kuiuliza RICA kama vinakubalika. Malalamiko yakipelekwa na ushirika mzima, yana uzito kuliko ya mtu mmoja anayehofia kukatiwa mzigo.