Yusuf Islam na Amana ya Sauti



Ndugu wasomaji, wazazi huniuliza mara kwa mara baada ya darsa: mwanangu ana sauti nzuri na apenda kutunga nyimbo, je, nimwachie au nimkataze? Juma hili nimeona bora nijibu kwa kisa cha mtu aliye hai, aliyekabiliana na swali hilo akiwa kijana, kisha likamrudia akiwa baba.

Alizaliwa London mwezi wa Julai 1948, akaitwa Steven Demetre Georgiou. Babake alikuwa Mgiriki wa Cyprus na mamake Mswidi, nao walikuwa na mkahawa katikati ya jiji. Mwaka wa 1966, akiwa na miaka 18, alitoa wimbo wake wa kwanza kwa jina la Cat Stevens, na baada ya muda mfupi akawa mashuhuri Uingereza nzima. Mwaka wa 1969 akashikwa na kifua kikuu. Alilazwa hospitalini miezi kadhaa, na huko akapata faragha ya kusoma na kuyatafakari mauti. Alipopona, utungaji wake ulikuwa umebadilika: gitaa, sauti tulivu, na maswali ya mtu anayetafuta njia. Albamu yake ya Tea for the Tillerman, ya mwaka wa 1970, ilienea duniani. Ndani yake mna wimbo uitwao "Father and Son", ambao ni mazungumzo ya baba na mwanawe. Baba amtaka kijana atulie, na kijana alalamika kuwa hasikilizwi. Mwimbaji ni huyo mmoja, huishusha sauti akiwa baba na kuipandisha akiwa mwana.

Katikati ya miaka ya 1970, akiogelea huko Malibu, California, alivutwa na mkondo wa bahari hata nguvu zikamwishia. Akamwomba Mwenyezi Mungu amwokoe, na akaahidi kumtumikia. Wimbi likamrudisha ufukweni. Baadaye nduguye, aliyekuwa amezuru Baitul Muqaddas, alimletea tafsiri ya Qur'ani. Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kilimgusa mno. Mwezi wa Desemba 1977 akasilimu mjini London, na jina alilolichagua likawa Yusuf.

Hapa ndipo swali la wazazi linapomhusu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki. Walio wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Kishafii, wameziharamisha ala za nyuzi. Wako waliosema vingine, kama Ibn Hazm wa Andalusia, na Imam Ghazali ameitengea mas-ala ya usikilizaji kitabu kizima ndani ya Ihya. Yusuf alishika njia ya tahadhari, ya kuliacha lenye shaka. Mwezi wa Novemba 1979 aliimba kwa mara ya mwisho katika tamasha la hisani huko Wembley, na magitaa yake yakapigwa mnada kwa ajili ya sadaka. Alikuwa na miaka 31 tu, na dunia ingali ikimtaka.

Hata hivyo hakukaa bure. Alipopata binti, alimtungia wimbo wa kumfundisha herufi, ukianza na jina la Allah. Mwaka wa 1983 alianzisha shule ya Islamia mjini London, ikiwa na watoto wachache. Aliiomba serikali iigharamie kama inavyogharamia shule za Wakristo na Mayahudi, akakataliwa, akarudi tena. Mwaka wa 1998 shule hiyo ikawa mojawapo ya mbili za kwanza za Kiislamu kugharamiwa na dola nchini humo.

Kisha vikaja vita vya Bosnia. Waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, Irfan Ljubijankić, alimpa kaseti ya wimbo wake. Mwaka wa 1995 waziri huyo akauawa, helikopta yake ilipotunguliwa. Yusuf aliona jinsi Waislamu wale walivyoshikilia imani yao kwa nyimbo wakiwa chini ya mizinga, na fikra zake zikaanza kubadilika. Miaka ikapita, mwanawe wa kiume akaingia nyumbani na gitaa. Mzee hakulivunja wala hakulifukuza. Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, alilichukua mwenyewe. Mwaka wa 2006 akatoa albamu ya nyimbo, baada ya miaka 28. Walioshangilia ni wengi na waliolaumu ni wengi, naye akaandika kijitabu kueleza hoja zake.

Ndugu zangu, sikukileta kisa hiki kiwe fatwa juu ya gitaa. Hukumu waulizeni wanazuoni wenu. Nalitaka tuangalie jambo jingine. Alipoacha, aliacha kwa hiari yake, na kipaji chake akakipa kazi: herufi za watoto, shule, sira ya Mtume (S.A.W.) aliyoisimulia kwa sauti yake mwaka wa 1995. Wengi wetu twamwambia mtoto "nyamaza", kisha hatumpi la kusema. Sauti haifi kwa kukatazwa. Itatafuta pa kwenda, na mitaani pako tele.

Nasi hapa pwani hatuna uchache wa pa kuipeleka. Iko tajwidi, iko adhana, ziko kasida na dufu za maulidi, ziko tenzi ambazo wazee wetu waliwafundishia watoto dini na adabu. Mzazi mwenye mtoto mwenye sauti na ampeleke kwa mwalimu, amketishe karibu, na kwanza amsikilize. Kipaji ni amana, nasi wazazi tutaulizwa juu yake pamoja na watoto wetu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, azijaalie sauti zao ziwe za kheri, na atupe subira ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.