Kijana Anapoaga Ofisi

Mara nyingi tumewasikia waajiri wakilalamika kwamba vijana wa kompyuta hawatulii: huajiriwa Januari, na kabla ya Noeli wamekwisha kuhama. Husemwa kuwa ni tamaa ya mshahara. Sisi nasi tuliwahi kusema hivyo, tena kwa sauti kubwa, mpaka tulipowasikiliza wenyewe.

Mtengeneza programu huamshwa usiku wa manane kwa kuwa mfumo wa malipo umekwama. Hilo si kosa. Mitambo haina usingizi. Lakini saa mbili asubuhi anatakiwa awepo kazini kama aliyelala, saa zile za usiku hazihesabiwi, na kikaoni hitilafu huwa ni yake, ilhali mafanikio ni ya mkuu wake. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Ni wangapi huikumbuka wanapopiga simu hiyo?

La pili, ambalo kwetu ni zito zaidi, ni kufundishwa. Ujuzi wa kazi hii huchakaa upesi. Kijana anayerudia jambo lilelile kila siku, asiwe na mkubwa wa kuipitia kazi yake na kumwonyesha alipokosea, huhama kwa hofu ya kuachwa nyuma. Fedha zina uzito wake, hatukatai, hasa kwa mwenye kodi ya nyumba na wadogo wa kusomesha. Mwajiri mmoja alitujibu kwamba kumfundisha kijana ni kumtayarishia mwingine. Huenda. Lakini hata yeye alimpokea akiwa amekwisha kufundishwa na wengine.

Mwezi Mei 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina lake akimkumbuka hasa Leo XIII, aliyeandika waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, kwa maana akili mnemba nayo inagusa heshima ya kazi leo.

Basi waajiri mlio kati yetu, kabla ya kutangaza nafasi iliyo wazi, keteni nusu saa na huyo anayeondoka. Mwulizeni ni lini alianza kuwaza kuondoka. Tunadhani atawatajia usiku fulani.